Pini Midomoni mwa Baba

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulijua kasoro yake moja: akiwa na pini midomoni, hasikii wimbo.

Maneno alisikia vizuri tu. Ukimwambia suruali yako inakubana kiunoni atakuitikia kwa guno na kuinama kupima. Ukimwambia utamlipa mwezi ujao atasikia zaidi. Lakini kikundi cha kasida kikipita barabarani, au redio ya duka la jirani ikianza kuimba, utamwona anainua kidole kumwomba mteja subira. Anazitoa pini moja moja, anazichomeka kwenye ukosi wa shati lake, anainamisha kichwa, ndipo anasikiliza. Wateja walimtania. "Fundi, kwani masikio yako yapo mdomoni?" Naye alijibu bila kukasirika kwamba yalipo hajui, ila akizibana pini, sauti zote anaziona sawa.

Sisi watoto wake tulimjaribu mara nyingi. Tulisubiri awe amebana pini za kutosha, tunasimama nyuma ya cherehani na kuimba vibaya kwa makusudi, kila mmoja na njia yake. Baba alikanyaga pedeli huku akitikisa kichwa kuonyesha kwamba tunajitahidi. Akishazitoa pini, tukirudia ule ule, alikunja uso na kuuliza nani amemkanyaga mbuzi. Tulicheka mpaka Mwarabu mwenye duka, aliyempa baba kile kibaraza cha kushonea, akatoka kutufukuza.

Huu ulikuwa urithi, kwa maoni yangu, maana babu naye alikuwa na mambo yake. Babu, mzaa baba, alikuwa mpagazi ujanani mwake, akabeba mizigo ya watu kutoka huku kwetu Tabora mpaka pwani, na kutoka pwani mpaka Ujiji, kabla reli haijafika. Mimi nilimkuta mzee wa kukaa kitandani. Lakini baba akiuguna ule wimbo wa safari waliouimba wapagazi, hata babu awe anasinzia, bega lake la kushoto linapanda, shingo inakaza, na mkono unakwenda juu kushika mzigo usiokuwepo. Wimbo ukiisha, anautua. Baba alituonyesha jambo hilo kama wengine wanavyowaonyesha watoto mazingaombwe, na mama alimgombeza kila mara kwamba anamchosha mzee.

Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba nyumbani kwetu wimbo haukuwa kitu cha masikio peke yake. Sisi tuliona hivyo ni kawaida ya watu wote.

Miaka ile baada ya Azimio kila kitu kiliimbwa. Pamba iliimbwa, tumbaku iliimbwa, kisomo cha watu wazima kiliimbwa, hata kuchimba vyoo kuliimbwa, tena kwa sauti mbili. Kila mtaa ulikuwa na kikundi chake, na kikundi cha mtaa wetu kilikuwa cha wanawake na wasichana, mimi nikiwa mmoja wao. Baba ndiye aliyetufundisha. Hakuwa mwimbaji, lakini sikio lake lilisifiwa mpaka ng'ambo ya reli. Aliuchukua ule wimbo wa wapagazi wa babu, akauvua maneno yake ya zamani na kuuvika mapya, ya jembe na mashamba na vijiji. Babu alikuwa ameshafariki. Baba alisema asingekataa, maana mzigo ni mzigo.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa kupokezana. Mmoja anatangulia, wengine tunaitikia. Anayetangulia tulimwita mwimbishaji, naye husimama mbele peke yake, kitenge chake kimefungwa tofauti, macho yote kwake. Mwimbishaji wetu wa siku zote alikuwa ameondoka, mumewe amehamishiwa kazi Igunga, na Sabasaba ilikuwa inakaribia. Vikundi vya mkoa mzima vingekuja kuimba uwanjani. Nafasi ile niliitaka. Niliitaka kiasi kwamba nilikuwa nikichota maji natembea taratibu, kidevu juu, nikijizoeza kutazamwa.

Kulikuwa na mwenzangu mmoja tu wa kunitia wasiwasi, binti wa fundi baiskeli wa barabara ya pili. Mwembamba, mpole, akikuamkia humsikii vizuri. Sikumchukia. Nilimchukia kidogo tu, na siku za mazoezi peke yake. Sauti yangu ilikuwa kubwa. Nikimwita mdogo wangu kutoka uani, watoto wa nyumba tatu walikuja. Nilijua kabisa kwamba kwenye uwanja ule wazi, wenye vumbi na upepo wa Julai, sauti kubwa ndiyo inayotakiwa, na nilijua pia kwamba baba atachagua kwa haki kama kawaida yake: atatupa mgongo ili asione nani anaimba, atazitoa pini, atasikiliza.

Ndipo mdomo wa baba ukaenda upande.

Aliamka asubuhi, akapiga mswaki, maji yakamtoka pembeni bila ruhusa yake. Jicho la kulia halikufumba. Alipojaribu kuitikia shikamoo zetu kwa marahaba yake, neno likatoka limelegea, na mdogo wangu akacheka akidhani ni mchezo. Mama hakucheka. Alimvisha kofia, akampeleka hospitali ya mkoa kwa miguu, akimshika mkono kama bibi harusi. Huko wakamwambia mshipa wa fahamu wa uso umevimba, si ugonjwa wa kuua, arudi nyumbani, akandwe, atafune upande ule, asubiri. Majirani walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema upepo mbaya, wengine walitaja jini, na mteja mmoja aliyecheleweshewa kaunda suti yake alisema ni malipo. Mama alimkanda kwa mafuta ya nyonyo asubuhi na jioni, huku akimsemesha kwa Kinyamwezi, lugha aliyoitumia nyumbani alipokuwa na hofu au hasira.

Kushona aliendelea, kwani mikono yake ilikuwa mizima. Pini ndizo zilizomkataa. Kila alipozibana zilidondoka upande mbovu, na sisi tulikuwa tunazipata kwenye nyayo zetu. Baada ya siku chache akaacha kujaribu, akawa anazichomeka zote ukosini, mpaka ukimkumbatia unachomwa.

Mazoezi ya kwanza baada ya kuumwa alikaa mbele yetu kama kawaida. Tuliimba.  Akaomba turudie. Tukarudia. Akatutazama kwa jicho lake lile lisilofumba, akasema tunaweza kwenda. Jioni nikamsikia anamwambia mama kwamba haoni tofauti. Sauti zote amezisikia sawa, nzuri na mbaya, kama siku zile za pini.

"Si huna pini sasa," mama akamwambia.

"Ninazo," baba akasema. "Ila hizi siwezi kuzitoa."

Niliposikia hivyo nilimwonea baba huruma. Na nilijionea huruma mwenyewe pia, tena nyingi, kwani kama hasikii atanichaguaje?

Mwenyekiti wa kikundi hakuwa mtu wa kungoja. Alikuwa mama mnene mwenye sauti nzito, aliyeuza maandazi asubuhi na kuongoza watu muda uliobaki. Akaja kibarazani, wakaamkiana, akaketi kwenye benchi la wateja likalia.

"Fundi, pole na maradhi."

"Nimeshapoa."

"Sasa mwimbishaji tunampata lini? Maana wa ng'ambo ya reli wameshapata wao. Kama afya hairuhusu, sema, tumwombe mtu mwingine atuchagulie. Si vibaya."

Baba aliukunjua uso ule upande uliokuwa unakunjuka. Akasema afya inaruhusu. Ijumaa baada ya swala, wote waje uani kwake, wasichana wawili waimbe, na atachagua. Nilikuwa nimekaa nyuma yake nikitunga vifungo, na nilijua kama anavyojua yeye kwamba hana cha kuchagulia.

Ijumaa ile uani palijaa. Nilikuwa nimekunywa asali ya nyuki wadogo, nikatafuna tangawizi mpaka machozi, nikavaa gauni la Idi. Mama alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko, ungo mapajani, anamenya karanga. Hakuja kusikiliza, alikuwa na karanga zake. Mama yangu alikuwa mtu wa Kigwa, aliyeletwa mjini na ndoa, na katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akiimba. Alitubembeleza watoto wake kwa kutupigapiga mgongoni tu. Ukimwomba aimbe anasema hana sauti, na kazi inaendelea.

Baba akaleta kiti chake. Hakutupa mgongo kama siku zote. Alikiweka kwa upande, akakaa amelielekea jiko, uso mbali na watu. Wengi walidhani anaficha mdomo wake, wakamwonea haya, wakaacha kumtazama.

Niliimba mimi kwanza. Wimbo wa wapagazi una mahali panapopanda, kwenye neno mashamba, sauti inapanda ngazi kwa ngazi mpaka juu kabisa na kukaa pale. Nilipanda. Nilifika, nikakaa, na nilikaa zaidi ya ilivyotakiwa ili pasiwe na maswali. Kuku walikimbia. Mwenyekiti alipiga makofi. Nilijiona nimeshavaa kile kitenge.

Kisha binti wa fundi baiskeli akaimba, amefumbata mikono, macho chini. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko yangu, hilo hata yeye asingebisha. Ilipanda kule juu bila kelele, ikakaa, ikashuka. Nilimtazama baba. Baba hakumtazama yeye, wala hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama jikoni.

Akainuka, akasema, "Atatangulia binti wa fundi baiskeli." Akachukua kiti chake, akaingia ndani.

Nilikasirika. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Nilienda nyuma ya choo, mahali pekee uani kwetu pasipo na watu, nikalia, na mdogo wangu alipokuja kuniuliza kama naumwa tumbo nikamfukuza kwa ukuti. Kilichoniuma si kushindwa tu. Kilichoniuma ni kwamba nilijua baba hasikii. Amechagua kwa kubahatisha, nilisema moyoni, na amebahatisha akamwacha mwanawe ili watu wasiseme anapendelea.

Baada ya Magharibi baba aliniita sebuleni. Mama alikuwa kwenye mkeka, bado na karanga zake, kwani alikuwa amenunua gunia. Redio ilikuwa imefunguliwa, mwanamke mmoja anaimba.

"Usiitazame redio," baba akaninong'oneza. "Mtazame mama yako."

Nikamtazama. Mwanzoni sikuona kitu isipokuwa mama anamenya karanga. Kisha nikaona. Pale kooni, chini ya kidevu, palikuwa panacheza. Mwimbaji akipanda, koo la mama linapanda. Akishuka, linashuka. Akivuta pumzi, kifua cha mama kinainuka kidogo. Midomo yake imefungwa kabisa, mikono inafanya kazi yake, na mwenyewe hana habari. Baadaye redio ikaleta mwanamume mwenye sauti ya kukwaruza, aliyejilazimisha juu asikoweza kufika. Mabega ya mama yakapanda. Akameza mate. Akakohoa, na kidole gumba kikasimama juu ya karanga mpaka yule mtu aliposhuka.

"Mimi nimefungwa," baba akasema, "lakini yeye hakufungwa. Leo nilimsikiliza yeye. Wewe ulipopanda, karanga zilisimama. Mwenzako alipopanda, zilikwenda."

 Ilikuwa kweli, na ilikuwa inanitia hasira zaidi kuwa kweli.

Nina mjukuu anayesomea udaktari siku hizi. Nilimsimulia kisa hiki nikitarajia atacheka, hakucheka. Aliniambia mtu akisikia mwenzake anaimba, ile sehemu ya ubongo inayoamuru koo na midomo na ulimi huamka nayo, hata kama mwenyewe amekaa kimya, kana kwamba anaimba pamoja naye bila kutoa sauti. Ndiyo maana ukimsikia anayejikamua na wewe unachoka. Akasema wataalamu bado wanabishana kuhusu kiasi gani cha kusikia kwetu kinatokana na hapo. Nikamwambia sisi tulimaliza ubishi ule kwa ungo wa karanga. Hapo ndipo alipocheka.

Siku ile, lakini, aliyefuata kujua ni mama. Tulikuwa tumemkodolea macho shingoni muda mrefu mno.

"Mnatazama nini?"

Baba, ambaye hakujua kudanganya, akamweleza. Mama aliusukuma ungo kando. Alianza kwa Kiswahili na kumalizia kwa Kinyamwezi, na nitasema cha Kiswahili tu. Alisema amefanywa mizani kama mizani ya pamba, tena bila kuulizwa. Alisema yeye alipenda nilivyoimba mimi, na angeulizwa kwa mdomo angesema hivyo, na sasa amemnyima mwanawe nafasi kwa shingo. Kwa shingo, alirudia, kama vile shingo ilikuwa ya mtu mwingine. Nilimpenda sana pale. Kesho yake aliamka amejizungushia khanga shingoni mpaka chini ya midomo, akaenda nayo sokoni, na watu wote wakampa pole ya jino.

Khanga ile ilitutesa. Baba alikuwa ametegemea kumweka mama karibu kwenye mazoezi, ungo na yote, huku akijifanya anatutazama sisi. Sasa alikuwa hana cha kusoma. Alituambia turudie pasipotakiwa kurudiwa na akasifu pabovu. Mwenyekiti alianza kumwangalia kwa jicho lile la mtu anayehesabu siku. Mama alikaa pale pale, amejifunika, anamenya, na naapa alikuwa anafurahi.

Sasa, mke wa fundi cherehani ndiye mwanamke wa mwisho kushonewa nguo. Kitambaa cha mama, cha maua ya buluu, kilikuwa kimelala kabatini kikingoja kazi za wateja ziishe, na kazi za wateja haziishi. Wiki ile baba alikitoa. Aliziweka kando sare za shule na kaunda suti za waheshimiwa, akashona gauni la mama mchana kweupe, kibarazani, mbele ya watu, na mteja aliyeuliza zamu yake aliambiwa asubiri. Alilileta nyumbani limepigwa pasi. Mama alilipokea, akaligeuza huku na huku, akakagua mishono kama mteja mkorofi. Lilikuwa zuri. Lilikuwa pia na shingo ya wazi, pana, iliyokatwa chini, ambayo hakuna mke wa mtu mtaani kwetu aliyekuwa nayo.

Mama aliitazama ile shingo muda.

"Fundi," akasema, "wewe ni mjanja."

Baba akacheka kwa nusu ya mdomo. Mama akasema atalivaa Sabasaba na si siku nyingine, na mtu asimtegemee kwa mazoezi. Lakini khanga akaifungua jioni ile ile, kwa sababu, alisema, inamkwaruza.

Basi mazoezi yakanyooka. Na binti wa fundi baiskeli nilianza kumzoea, sina budi kusema. Alinifundisha mahali pa kuvuta pumzi kabla ya kupanda kwenye mashamba. Mimi nilikuwa nabeba pumzi moja tangu mwanzo wa mstari na kuishiwa njiani, ndiyo maana nikawa napiga kelele kule juu. Alinieleza kwa sauti yake ile ya kunong'ona, kama anayeomba radhi. Kuanzia hapo nikawa namchukia Jumapili tu.

Siku ya Sabasaba uwanja ulijaa kuanzia asubuhi. Watu walikuja na treni kutoka Tura na Kigwa, wengine na malori kutoka Nzega, vumbi limewageuza wote rangi moja. Waheshimiwa walikaa kivulini, wamevaa kaunda suti ambazo baba alizimaliza kwa haraka, na nyingine zilikuwa zimebana kooni, nilizijua. Kikundi cha ng'ambo ya reli kiliimba kabla yetu, kikaimba vizuri. Kisha tukaitwa.

Nilisimama mstari wa pili, wa tatu kutoka kulia, kitenge changu kimefungwa kama vya wengine. Binti wa fundi baiskeli akasogea mbele peke yake, akafumbata mikono, akaanza. Ile sauti ndogo ikaenda. Sijui niseme nini, ilienda mpaka kwenye miti ya upande wa pili na kurudi. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshafundishwa kutazama, niliwatazama watu badala ya kumtazama yeye. Alipopanda, videvu vilipanda. Wazee, akina mama, vijana waliopanda juu ya lori, makoo yote yalikwenda naye. Hata mheshimiwa mmoja kivulini alifungua kifungo cha juu ili apande vizuri. Kama babu angekuwepo, bega lake lingefika sikioni.

Nikamtafuta mama. Alikuwa mbele, upande wa wanawake, gauni lake la buluu halikosekani, na baba amesimama nyuma yake kidogo, pini zinang'aa ukosini. Mwimbishaji alikuwa anaimba. Koo la mama lilikuwa limetulia. Halikucheza hata kidogo. Nikadhani amechoka, au jua limemshinda.

Kisha zamu yetu ya kuitikia ikafika, na koo la mama likaamka.

Nilidhani ni bahati. Nikangoja. Binti wa fundi baiskeli akatangulia tena, uwanja mzima ukamfuata, mama akabaki kimya shingo nzima, kama mtu anayesubiri basi. Tukaitikia, akaja nasi. Hapana, si nasi. Mstari wa kwanza uliitikia juu na sisi wa pili chini, na koo la mama lilikwenda chini, lilikokwenda langu. Wanawake wengi tulikuwa tunaimba kwa pamoja pale, na yeye alikuwa ametuchambua wote na kumtoa mmoja.

Nilipoona hivyo nikasahau. Tulikuwa tumefika kwenye mashamba, mahali pangu pa pumzi, na sikuivuta. Mama akaivuta. Nilimwona: alifungua mdomo, kifua kikainuka, akavuta pumzi ile niliyoisahau, pale pale ilipotakiwa, na nikashtuka nikaivuta nami kwa kuchelewa na kuingia kwenye neno nusu. Hakuna aliyesikia. Mwenyekiti, aliyekuwa begani kwangu, hakusikia. Baba aliona. Alikuwa anamtazama mama, kisha akanitazama mimi, kisha tena mama, na nusu yake ya uso ikacheka.

Tulikuwa wa pili. Wa Nzega walituzidi, nao waliimba na majembe ya kweli, jambo ambalo mwenyekiti alililalamikia mpaka nyumbani.

Njiani baba alitembea na mimi nyuma ya wengine. Mdomo wake ulikuwa umeshaanza kurudi siku zile, maneno yalikuwa yanatoka mazima.

"Sijui kama nilichagua sawa," akasema. "Mizani yangu ilikuwa na mtoto wake upande mmoja. Labda si kujikamua kwako kulikozisimamisha karanga. Labda zilisimama kwa sababu ni wewe."

Ningeweza kuichukua zawadi ile. Nilikuwa nimeililia nyuma ya choo. Lakini nilikuwa nimetoka kumsikia yule binti uwanjani, na mimi ni mwepesi wa hasira, si kiziwi.

"Ulichagua sawa, baba."

Akatikisa kichwa, akasema haidhuru, akipona kabisa atasikia mwenyewe. Na alipona. Pini zilirudi midomoni mwake kabla ya mvua, na siku alipoinua kidole kumsimamisha mteja, akazitoa moja moja na kuinamisha kichwa, mama alileta chai kibarazani bila kuombwa.

Lakini jioni ile ya Sabasaba nilimfuata mama jikoni. Alikuwa ameshavua gauni, amerudi kwenye khanga zake, anachochea moto. Nilitaka kujua kama alijua. Sikujua namna ya kumwuliza mtu kuhusu koo lake, na mara ya mwisho tulipomgusia hilo palichafuka. Kwa hiyo nikazunguka.

"Mama, yule binti leo umemwonaje? Ameimba vizuri?"

Mama alipuliza moto, akafikiri.

"Nasikia watu wanamsifu," akasema. Akafuta macho kwa ncha ya khanga, moshi umemwingia. "Ila wewe, pale kwenye mashamba, ulitaka kunikata pumzi."